Jiwe Jeusi Si Jiwe la Kale

Nimetumiwa tena picha ya Maktaba ya John Rylands, ile ya Deansgate hapa Manchester, na chini yake: "Jengo la miaka 700." Maktaba hiyo ilifunguliwa kwa umma Januari 1, 1900. Aliyeijenga ni mjane, Enriqueta Rylands, kumkumbuka mumewe aliyetajirikia pamba, na tangu mwanzo ilikuwa na taa za umeme. Umeme, jamani!

Kazi yangu ni kuhifadhi mawe ya majengo, na ndugu wanaokuja kutalii hunipigia hesabu ileile: tao limechongoka, jiwe jeusi, basi enzi za kati. Tao halithibitishi kitu. Matajiri wa karne ya 19 waliagiza Kigothi, yaani mtindo huo wa enzi za kati, kama hoteli ya Nungwi inavyoagiza mlango wa nakshi uliochongwa mwaka jana. Ukumbi wa Jiji wa msanifu Alfred Waterhouse, ambao wengi huuita kanisa, ulikamilika 1877. Yaani ni mdogo kuliko treni: stesheni ya Liverpool Road, hapahapa Manchester, ilishapokea abiria tangu 1830.

Sasa huo weusi. Ni masizi ya makaa ya mawe, ya viwandani na ya majiko ya nyumbani, na hayakuhitaji karne kushika. London jiwe la Portland ni la chokaa: mvua huliyeyusha usoni, hivyo panaponyeshewa hung'aa na panapojificha huwa peusi. Hapa tuna jiwe la mchanga. Chembe zake haziyeyuki, masizi hunasa kila mahali. Wajenzi walilijua hilo vizuri. Angalia Hoteli ya Midland ya 1903: imevishwa matale yaliyosuguliwa na vigae vya udongo wa kuchoma, masizi yasipate pa kung'ang'ania.

Baada ya sheria ya hewa safi ya 1956 watu wakashika kuosha majengo, mengine kwa kupuliziwa mchanga. Ndiyo maana rangi haisemi umri: jeupe laweza kuwa kongwe kuliko jeusi, limeoshwa tu. Sogea karibu. Kwenye jiwe lisiloguswa, chini ya jani la nakshi, utaona mikwaruzo ya tindo bado mikali. Kwenye lililopuliziwa, kingo zimelegea kama sabuni iliyotumika.

Na je, tuoshe au tuache? Vitabu vya fani vina majedwali. Ukweli ni kwamba tunajaribu kipande kidogo mafichoni, tunasubiri, kisha tunakisia. Gamba la masizi laweza kufungia unyevu hadi uso wa jiwe ubanduke. Kuliondoa kwaweza kuubandua leo hiihii. Mimi ningeacha mengi yabaki meusi. Wenzangu wananiita mvivu.

Anayetaka cha kale kweli aende Chetham's, jirani na stesheni ya Victoria. Ni jengo la 1421, fupi, jekundujekundu, halina makeke, na watu hulipita wakiwahi treni. Limekuwa maktaba tangu 1653. Mwaka 1845 Marx na Engels walisomea kwenye meza ya dirishani, nayo bado ipo.

Kisha panda tramu hadi Heaton Park. Kando ya ziwa zimesimama nguzo za mtindo wa Kigiriki, na kila kiangazi nasikia mtu akimwambia mwenzake ni magofu ya Warumi. Ni uso wa ukumbi wa jiji uliotangulia, wa miaka ya 1820, uliobomolewa King Street na kuhamishiwa pale 1912. Ukumbi wa Waterhouse ulifungwa 2018 kwa ukarabati, kwa hiyo ulizia kwanza kabla ya kutaka kuingia ndani.