Uvimbe uko shavuni, je, jicho linapata mionzi kiasi gani?

Nimeambiwa nitatibiwa kwa elektroni. Ndiyo nini?

Ni mionzi isiyokwenda mbali mwilini. Elektroni za MeV 6 (MeV ni kipimo cha nishati yake) huishia kama sentimeta 3 chini ya ngozi, za MeV 12 kama sentimeta 6. Ndiyo maana huchaguliwa kwa uvimbe wa juu juu, mfano saratani ya ngozi ya usoni, inayowaandama sana ndugu zetu wenye ualbino. Mashine huzipitisha kwenye fremu inayosogezwa karibu na ngozi, na mwisho wa fremu huwekwa bamba zito la metali lililotobolewa kwa umbo la sehemu inayotibiwa.

Sasa mionzi inayofika pembeni, kama kwenye jicho, inatoka wapi?

Elektroni ni nyepesi mno. Zikigonga hewa au ukingo wa metali hupinda, na nyingine huvuja ubavuni mwa fremu. Tena zikikwama ndani ya metali huzaa eksirei, ambazo hupenya ndani zaidi.

Si asilimia ndogo tu?

Piga hesabu. Tuseme dozi yote ni grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) na jicho likapata asilimia 1: hiyo ni nusu grei. Mwaka 2011 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ilikitaja kiwango hichohicho kuwa ndipo hatari ya mtoto wa jicho inapoanzia, na huweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Nusu grei ikianguka kwenye ngozi ya shingo, mimi nisingekosa usingizi. Kwa hiyo usiulize asilimia tu, uliza inaangukia wapi.

Inapimwaje?

Kompyuta inayopanga tiba haiaminiki sana nje ya eneo la tiba. Mtaalamu wa fizikia tiba anaweza kukubandikia karibu na jicho vipande vya lithiamu floridi, vyenye upana wa milimita 3 hivi. Havina waya wala haviumi. Baadaye hupashwa moto kwenye kifaa maalumu na kutoa mwanga; dozi ikiwa kubwa, mwanga nao huwa mwingi.

Kazi iko kwenye kutafsiri. Elektroni zilizotawanyika nyingi ni dhaifu, huishia juu juu, ilhali lenzi ya jicho iko kama milimita 3 ndani. Kipande kilicho wazi juu ya kope husoma dozi ya ngozi. Ili kukaribia dozi ya lenzi, kingine hufunikwa kwa nta ya unene huo.

Wakikuta ni nyingi?

Huweka kinga ya risasi, ile metali nzito. Kanuni ya haraka: unene wa risasi kwa milimita ni nusu ya MeV. Elektroni za MeV 9 zinahitaji angalau milimita 4.5. Kinga ikikaa chini ya kope hupakwa nta upande unaogusa kope, maana risasi hurudisha elektroni zilikotoka.

Nikirudi nyumbani naweza kumpakata mtoto?

Mpakate. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako.