Vinundu vya mizizi, chupa za mbolea hai na mambo mengine tunayoyakosea

Ng'oa shina la kunde linaloanza kutoa maua, ulitikise udongo. Mizizini utakuta vinundu vidogo mithili ya shanga. Wengi wakiviona husema, "Shamba limeingia minyoo." Minyoo fundo ipo kweli, ila uvimbe wake ni wa mzizi wenyewe, huwezi kuutoa bila kuukata mzizi. Kinundu chenye bakteria wanaousaidia mmea hubanduka kwa ukucha. Kipasue: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi ya kunasa naitrojeni hewani inaendelea. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, jamaa wa kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kazi yake ni kuidhibiti oksijeni isikiharibu kimeng'enya cha bakteria. Kikiwa cheupe bado ni kichanga au hakifanyi kazi, kikiwa kijani kimezeeka.

Wengine husema mikunde hujivutia naitrojeni hewani. Nusu kweli. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Wanaoivunja ni bakteria, na Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyewatenga kutoka vinunduni mwaka 1888. Tena hawafanyi bure: kila molekuli moja ya naitrojeni hula angalau molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nishati ya chembe hai, yaani nishati nyingi mno. Sukari ya kuilipia hutoka kwenye majani ya mmea.

Hesabu hiyo ya sukari ndiyo inayonifanya nizitilie shaka zile chupa za "mbolea hai", yaani bakteria wa kutia shambani, zinazosemwa zitaiondoa yurea. Azotobacter na wenzake wanaoishi huru udongoni hawana mmea wa kuwalisha. Hutegemea mabaki yanayooza. Kwa kawaida huleta kilo chache tu za naitrojeni kwa hektari kwa mwaka, wakati mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 una kilo 23, na soya iliyostawi vizuri na bakteria wake huweza kupita 100. Azospirillum, ambaye Johanna Döbereiner alimtafiti sana huko Brazili, huishi kwenye mizizi ya mahindi na nyasi. Yeye husaidia, lakini zaidi kwa homoni zinazoizidishia mizizi matawi ili mmea unywe na kula vizuri. Ni faida, sikatai. Yurea siyo.

Halafu lipo hili linalotugharimu zaidi: "Nimepanda maharage, msimu ujao mahindi hayatadai mbolea." Maharage ni mvivu miongoni mwa mikunde. Hata hicho kidogo anachokipata, sehemu kubwa huishia kwenye punje, nawe unazila au unaziuza. Kisha tunang'oa mmea mzima, tunaupeleka nyumbani kuupura, makapi anapewa ng'ombe. Shambani kimebaki nini? Kama samadi ya ng'ombe huyo hairudi, karibu hakuna. Mbaazi ni afadhali, maana hupukutisha majani papo hapo msimu mzima. Na usidhani mahindi yaliyochanganywa na maharage yanamiminiwa naitrojeni msimu uleule. Sehemu kubwa hupatikana baadaye, majani na mizizi ikishaoza.

Chanjo ya mbegu za soya, yaani bakteria wa kupaka kwenye mbegu kabla ya kupanda, haifai kwa maharage, kwa kuwa bakteria wao ni tofauti. Na ukiianika juani umewaua bakteria hao.

Kuna pia wanaowapa maharage yurea nyingi ili "vinundu vipate nguvu". Mmea ukipata naitrojeni ya mteremko hauna haja ya kulisha wapangaji, hivyo vinundu hupungua. Mara nyingi kinachokosekana ni fosforasi, ile tunayoichimba Minjingu, mkoani Manyara.

La mwisho, si mikunde pekee. Mvinje wa pwani una vinundu vyake, wapangaji wake wakiwa bakteria aina ya Frankia. Bamburi, karibu na Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji mwaka 1971, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ilistahimili, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Ikabidi aletewe majongoo wa kuyala, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo.