Kwa nini klabu isajili mchezaji wa kukaa benchi?

Jioni moja, kwenye kibanda cha mpira pale Bombo, Uganda, muuza rolex (chapati iliyokunjwa na yai) anayekaanga chapati zake mlangoni aliingiza kichwa ndani. Aliwaona kwenye skrini wachezaji wa akiba wamejipanga na vizibao vyao, akauliza, "Hawa wote wanalipwa?" Akaambiwa wanalipwa. "Kwa kukaa?" Watu wakacheka, mechi ikaendelea, na swali lake likabaki hapohapo mlangoni.

Ni swali zuri kuliko mengi yanayoulizwa dirisha la usajili likifunguliwa. Mashabiki wa Uganda, wawe wa Villa, Express, KCCA au wa Arsenal ya kwenye televisheni, hudai jambo lilelile: kocha aongezewe watu, kikosi ni chembamba. Lakini je, ni kweli?

Tupige hesabu. Ligi ikiwa na timu 16, kila moja ikakutana na wenzake nyumbani na ugenini, hizo ni mechi 30. Wachezaji 11 kwa dakika 90 ni dakika 990 za jasho kila mechi, na kwa msimu mzima 29,700. Makocha wengi humtumia yule wanayemwamini, kwa hiyo tuseme 11 wa kwanza wanachukua asilimia 80 ya kazi yote. Zinabaki dakika 5,940. Kama umesajili watu 25, wale 14 wengine wakigawana sawasawa, kila mmoja anaambulia dakika 424. Hazitimii hata mechi 5 kamili. Na kwa kweli hawagawani sawasawa: kipa wa pili anaweza kumaliza msimu bila kuchafua glovu.

Kwa hiyo kabla ya kudai watu wapya, uliza kwanza timu ina mechi ngapi. Leicester City walipotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16, hakuna timu iliyobadilisha kikosi chake mara chache kama wao. Kila wiki majina yaleyale. Waliweza kwa sababu hawakuwa na kombe la Ulaya, na makombe mawili ya nyumbani walitolewa mapema. Msimu uliofuata kiungo wao N'Golo Kanté alihamia Chelsea, nao Chelsea wakawa mabingwa, nao pia wakiwa hawana mechi za Ulaya. Leicester safari hiyo walikuwa Ligi ya Mabingwa, na katika ligi ya nyumbani wakashika nafasi ya 12. Mwili wa mchezaji unahitaji takribani siku 3 ili misuli irudishe nguvu iliyotumika. Ukicheza Jumamosi, Jumatano na Jumamosi tena, msuli wa nyuma ya paja ndio wa kwanza kulalamika.

Huku kwetu ongeza barabara. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270 ndani ya basi, unacheza, halafu unarudi. Ongeza na viwanja vya matope mwezi wa Aprili. Hilo sijaona likiingizwa kwenye mijadala ya redioni, na mimi naona lina uzito kuliko jina la mshambuliaji mpya.

Jambo la pili ni pengo. Tunaposema kikosi ni kipana tunahesabu vichwa, na hapo ndipo tunapokosea, maana kinachoumiza timu ni umbali kati ya mtu wa kwanza na wa pili katika nafasi moja. Mashabiki wa Arsenal hawahitaji kukumbushwa Machi 2023. Waliongoza ligi kwa siku 248 msimu ule. Beki William Saliba akaumia kwenye mechi ya Ulaya dhidi ya Sporting, na beki mwenzake Takehiro Tomiyasu akaumia usiku huohuo. Mabeki kwenye orodha walikuwepo. Tatizo ni kwamba Arsenal walikuwa wakikaba wakiwa mbali na goli lao, wanamtegemea beki mwenye mbio za kurudi nyuma, na aliyeingia hakuwa wa aina hiyo. Ikafuata sare ya 2-2, nyingine ya 2-2, ya tatu ya 3-3 na Southampton waliokuwa mkiani, kisha Manchester City wakawapiga 4-1. Ubingwa ukaenda.

Je, wangesajili? Ndiyo, lakini nani? Hapa Liverpool wana somo lao. Katikati ya mwaka 2020 walimuuza beki Dejan Lovren na hawakuziba nafasi yake. Oktoba Virgil van Dijk akaumia goti, Joe Gomez na Joel Matip wakamfuata. Februari mosi 2021, siku ya mwisho ya dirisha, wakakimbilia sokoni: Ozan Kabak kwa mkopo, na Ben Davies kutoka Preston. Davies hakuwahi kuichezea Liverpool mechi hata moja ya mashindano. Waliomalizia msimu katikati ya ulinzi ni Nat Phillips na Rhys Williams, vijana waliokuwa wa klabu tayari, na huyo Williams msimu wa nyuma alikuwa kwa mkopo Kidderminster, ligi ya daraja la sita. Mechi 5 za mwisho walishinda zote, wakashika nafasi ya tatu.

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 2022 Vipers waliwatoa TP Mazembe kwa penalti kulekule Lubumbashi, wakawa klabu ya pili ya Uganda kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya KCCA mwaka 2018. Lakini Cesar Manzoki, aliyewafungia mabao 18 msimu uliotangulia, alishaondoka kwenda China. Kisha Januari kocha Robertinho akahamia Simba, waliokuwa kundi moja nao. Vipers wakafungwa 5-0 na Raja ya Casablanca, Morocco, wakapoteza mara mbili kwa Simba, 1-0 kila mara, wakamaliza mkiani bila ushindi hata mmoja. Na bado msimu huohuo walikuwa mabingwa wa Uganda! Kikosi kilekile kilitosha Kitende, kwenye uwanja wao wa nyumbani, kikapwaya Casablanca. Kwa maoni yangu walichokosa ni mfungaji mmoja wa kushika nafasi ya Manzoki. Wachezaji wanane wa kawaida wasingewasaidia kitu.

Na hao wanane wangekuwa mzigo. Kila mmoja ana mshahara, fedha ya kusaini, chumba na chakula. Mtu wa miaka 27 anayesugua benchi wiki kumi hushuka kiwango, na siku akihitajika miguu ni mizito. Kijana anayepandishwa kutoka timu ya vijana hugharimu kidogo, na akicheza dakika 20 anashukuru. Allan Okello alipitia njia hiyo pale KCCA, na Januari 2020 akauzwa Paradou ya Algeria. Tangu sheria ya kubadilisha wachezaji 5 ilipowekwa ya kudumu mwaka 2022, dakika 20 za aina hiyo zimekuwa nyingi zaidi, kwa hiyo sababu ya kumfungia kijana nje imepungua.

Ningekuwa na fedha za klabu ya katikati ya msimamo, ningesajili wawili tu: beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto kweli, maana ni adimu na huwezi kuazima mguu, na mshambuliaji wa pili. Nafasi nyingine ningeziachia vijana.

Nilimweleza muuza rolex haya yote akiwa anapindua yai. Yeye ana kijana anayemkandia unga Jumanne, siku wateja wakiwa wachache, ili Jumamosi akiugua biashara isifungwe. Hilo alilielewa mara moja. Kilichomkwamisha ni kipa wa pili.

"Huyo hachezi kabisa?"

Msimu mzima anaweza asicheze.

"Na mshahara unaingia?"

Unaingia, klabu ikiwa nayo fedha.

Akaikunja rolex yangu kwenye karatasi, akauliza kama kuna umri wa mwisho wa kuomba hiyo kazi.