Kiwiko Kikisharudishwa, Tazama Kama Kimetulia

Anayeanguka na bodaboda hutanguliza mkono. Kiganja kinapiga lami, uzito wa mwili unapanda hadi kwenye kiwiko, na kiungo kinateguka. Mara nyingi hurudishwa siku hiyohiyo, mkono ukafungwa, mgonjwa akaenda nyumbani.

Wengi hupona hivyo. Wengine, miezi baadaye, wanaposukuma viti ili wainuke, kiwiko kinateleza, kinalia, kinawatia hofu. Huo si uzembe wa mazoezi. Kano za upande wa nje, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zilichanika na hazikushika tena kwenye mfupa.

Jeraha ambalo sisi madaktari wa mifupa tunaliogopa zaidi ni kuteguka pamoja na mivunjiko miwili: kichwa cha redio, mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba, na ncha ya mbele ya alna, mfupa wa upande wa kidole kidogo. Ncha hiyo ni ndogo, kwenye eksirei huonekana kama chembe tu, lakini ndiyo kigingi kinachozuia mkono usichomokee nyuma. Kwa sababu hiyo huwa tunaagiza siti skani, picha inayoonyesha mfupa kwa undani kuliko eksirei.

Katika upasuaji tunaanza ndani tukitoka nje. Ncha inafungwa kwa skrubu au uzi, kichwa cha redio kinaungwa au kinawekwa cha chuma, kisha kano inashonwa kwenye mfupa. Kukitoa kichwa hicho bila kuweka kingine, katika jeraha hili, ni kukiacha kiwiko bila nguzo. Kabla ya kumaliza tunakunja na kunyoosha mkono. Kikiteleza bado, tunashona na kano ya ndani, au tunafunga fremu ya nje yenye bawaba. Miezi ikishapita, kano ya zamani haishoneki. Tunachukua kamba ya msuli kutoka kwingine mwilini na kuipitisha kwenye matundu ya mfupa.

Yote haya ni ili mkono uanze kukunjwa mapema. Kiwiko kikikaa kwenye plasta zaidi ya wiki tatu hukakamaa, na ukakamavu huo ni mgumu kuondoa.

Ndugu zangu, naomba sana: msikubali kiwiko kilichoumia kichuliwe kwa nguvu. Msuli uliochanika ukikandwa unaweza kuota mfupa ndani yake. Kiwiko kikirudishwa, dai picha nyingine ya eksirei. Kikilegea, omba rufaa kwa daktari wa mifupa, iwe katika hospitali ya Mbarara, Gulu au Mulago hapa Uganda. Kidole kidogo kikifa ganzi, au mkono ukiwa baridi, usingoje kesho.