Bahari Iliacha Nini Usiku: Kutembea Ufukweni Siku ya Bamvua

Siku mbili baada ya mwezi kuandama, mimi hulala mapema. Bamvua, yaani siku za maji makubwa kujaa na kupwa, hapa kwetu Watamu, pwani ya Kenya, ina saa zake: maji hujaa pomoni karibu na saa kumi alfajiri, na kwenye saa nne asubuhi yameshakupwa hadi miamba iko nje. Nikishuka ufukweni saa kumi na mbili nakuta bahari imeanza kuondoka na watalii bado hawajaamka.

Kitu cha kwanza ninachotafuta ni ule utepe wa taka uliopinda na ufuo, pale wimbi la mwisho lilipoishia. Watu huuruka tu. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni viumbe vya bahari, huo ndio saa ya ukutani: alama yoyote iliyo chini yake imechorwa baada ya maji kuanza kupwa.

Asubuhi ya leo kasa alikuwa amepanda. Mburuzo wake ulikuwa na upana wa karibu mita moja, makasia ya mbele yamechimba kwa pamoja, kushoto na kulia sambamba, na katikati mkwaruzo wa mkia. Huyo ni kasa wa kijani. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hupishanisha makasia, na mburuzo wake ni mwembamba zaidi. Sasa tazama: njia ya kupanda ilianzia kwenye utepe, chini yake mchanga mtupu. Njia ya kushuka iliukata utepe ikaendelea hatua zangu kumi na nne kuelekea majini. Maana yake alipanda kabla maji hayajageuka, mawimbi yakafuta nyayo zake za mwanzo, na aliporudi bahari ilikuwa imeshasogea mbali. Juu, karibu na vichaka, aliacha shimo pana na mchanga uliorushwa kila upande. Huenda chini yake kuna mayai mia moja na zaidi, ya kuanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Sikuchimba kuhakikisha, nawe usichimbe, wala usichomeke kijiti cha alama. Nilipiga simu kwa wanaolinda viota, nikaendelea.

Huu ni Agosti, kusi, upepo wa kusini, bado inavuma, kwa hiyo utepe ni mnene, mahali pengine unafika magotini. Wengi huuita mwani. Chukua shina moja ulitazame: gumu kama waya, lina pete toka chini hadi juu, na kila pete ni kovu la jani lililopukutika. Haya ni majani ya bahari, Thalassodendron ciliatum, mmea wenye mizizi na maua kabisa. Mwani hauna kimojawapo. Yakirundikana hapa yanashika mchanga usichukuliwe na wimbi linalofuata. Ukiyafunua, vidudu vinaruka kama viroboto, na hivyo ni chakula cha ndege.

Hoteli moja, siitaji jina, hutuma trekta kuyazoa kila asubuhi kwa sababu wageni hawapendi harufu. Harufu ipo, sibishi. Lakini trekta halizoi majani peke yake, linaondoka na mchanga pia, na mbele ya hoteli hiyo ufuo umekatika ukawa na kingo inayonifika kiunoni. Nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake. Akacheka. "Mwanangu, hao wanafagia kitanda chao wenyewe."

Mashimo ya kaa nayo yanasimulia hayo hayo. Pasipopita magari, kaa weupe wa mchangani wametoboa kila hatua. Kwenye njia ya trekta nilihesabu mashimo mawili.

Saa tatu na nusu nilifika kwenye mlango wa hori la Mida. Tope lilikuwa limeanza kuonekana, na kulasitara wawili walikuwa wakinyemelea visamaki kwenye vidimbwi. Vitwitwi nao walikuwapo, kumi na moja, wale wenye mdomo uliopinda chini, wanaozaa huko kaskazini mwa Siberia, kwenye nyanda zisizo na miti. Wakubwa hutangulia, vijana hufuata baadaye. Nilijuaje kuwa miongoni mwao wamo wakubwa waliofika karibuni? Watatu kati yao walikuwa bado na mabaka mekundu kifuani, rangi ya matofali, mabaki ya vazi la kuzalia ambalo hawajamaliza kulivua.