Admini asiyeonekana kikaoni

Kijana mmoja niliyemhudumia (nimebadili mambo kadhaa asitambulike) alikuwa roho ya kamati ya harusi ya binamu yake. Kwenye grupu la WhatsApp ndiye aliyekumbusha ahadi, ndiye aliyepanga orodha ya waliokwishachanga, ndiye aliyetupia utani wa kuwalainisha wajomba wagumu wa mfuko. Vikao vya Jumapili vilikuwa 8. Hakuonekana hata kimoja. Mara foleni, mara homa, mara bosi. Siku ya harusi yenyewe alimalizia mchango wake kwa simu asubuhi na mapema, kisha akajifungia chumbani.

Mama yake alimleta kwangu na lalamiko ninalolisikia karibu kila wiki: "Dokta, simu imeniharibia mtoto." (Mimi ni mwanasaikolojia, si dokta, ila nimeshachoka kusahihisha.)

Nilipomuuliza kijana mwenyewe, hofu ilikuwa ya zamani kuliko simu. Darasa la sita alijifanya mgonjwa asisome ubaoni. Hii tunaiita hofu ya kijamii: woga mkali wa kutazamwa na kupimwa na watu, unaodumu miezi 6 au zaidi na kumzuia mtu kuishi atakavyo. Kwetu inajificha vizuri kwa sababu inafanana na haya, na haya ni sifa. Lakini mwenye haya huingia msibani akakaa kimya jamvini. Mwenye hofu hii hufika hadi karibu na geti, akahesabu macho yaliyoko uani, akageuza na kutuma rambirambi kwa simu. Na familia inashukuru, maana pesa imefika.

Mwaka 1995 Waingereza wawili, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwa nini hofu hii haichoki. Mtu hujiwekea mbinu za kujikinga: anashika glasi kwa mikono miwili isionekane ikitetemeka, anakariri sentensi kabla hajaitamka. Aibu isipotokea, sifa zote zinakwenda kwa mbinu. Hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba hata bila hiyo asingechekwa.

Sasa itazame WhatsApp kwa jicho hilo. Unaandika, unafuta, unaandika tena. Unarekodi sauti, unaisikiliza, unaitupa. Kijana aliniambia utani mmoja wa mstari mmoja ulimchukua nusu saa. Grupu zima lilimwona mcheshi wa kuzaliwa!

Mtafiti wa Marekani, Scott Caplan, aliandika mwaka 2003 juu ya watu wanaopendelea kuongea mtandaoni kwa sababu huko wanajiona salama na hodari zaidi. Mwaka 2007 akaonesha kwamba kinachoeleza upendeleo huo ni hofu ya kijamii kuliko upweke. Kwa hiyo kumwambia mtu kama huyu "toka nje upate marafiki" ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao. Marafiki anao, ila wako upande ule wa kioo.

Na upande ule nao una miba yake. Tangu tiki za bluu zije mwaka 2014, mtu anajua kabisa kwamba ujumbe wake umesomwa na msomaji ameuchuna. Maneno ya mdomoni husahaulika. Haya yanabaki, yakisubiri kusomwa upya saa tisa usiku.

Mama alitaka simu ichukuliwe. Nilikataa. Nchini Sweden, Gerhard Andersson na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la tiba ya hofu hii iliyotolewa kwa intaneti kwa wiki 9, na wagonjwa walipata nafuu. Asiyeweza kuvuka geti la kliniki anaweza kufungua ukurasa. Lakini tiba hiyo haimwachi kwenye ukurasa: humtuma nje, akakutane na anachokiogopa.

Nasi tukaanzia simuni. Kwanza, kutuma sauti bila kuisikiliza. Halafu kukosea herufi makusudi kwenye grupu: aliandika "Jumapli", akakaa akitoka jasho, na mzee mmoja akajibu kwa makosa manne. Halafu kupiga simu badala ya kuandika. Halafu Kariakoo, kuulizia bei ya viatu na kuondoka bila kununua, jambo ambalo wauzaji wamelizoea na yeye lilimkosesha usingizi.

Bahati nzuri, kikao cha kuvunja kamati kilikuwa kimeahirishwa mara mbili kwa deni la ukumbi. Alienda. Alichelewa, akakaa karibu na mlango, simu mfukoni kama tulivyokubaliana. Mwenyekiti akamkazia macho: "Kumbe admini ndiye wewe? Mimi nilidhani ni mtu mzima." Watu wakacheka, naye akabaki hadi supu.

Usiku ule aliniandikia kunisimulia. Ujumbe haukuwa na nukta hata moja, na "mwenyekiti" ilikosa herufi mbili. Sikumuuliza kama alikusudia.