Kilichofichika ni ukingo, si mstari

Juzi nimesikia tena mtu akimwambia mchoraji chipukizi, "Hiyo mistari iliyofichwa iondoe, inachafua mchoro." Kijana akafungua orodha ya leya, yaani tabaka za mchoro kwenye kompyuta, akazima leya nzima ya mistari ya vipande, na kweli mchoro ukang'aa. Ulikuwa mchoro wa fremu ya chuma cha L. Vyuma vinne vilivyokuwa vimegeuza mgongo kwa mtazamaji vikabaki mistatili mitupu, na kwenye karatasi mstatili mtupu mrefu ni chuma bapa. Fundi akipewa karatasi ile atakata bapa, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa amesoma kilichoandikwa.

Maana yenyewe ni fupi. Kitu kina kingo, yaani mahali ambapo sura mbili zake zinakutana. Ukikitazama kutoka upande mmoja, baadhi ya kingo utaziona na nyingine zitazibwa na mwili wa kitu hicho au na kitu kilicho mbele yake. Zinazoonekana huchorwa kwa mstari mnene usiokatika. Zilizozibwa huchorwa kwa mstari mwembamba wa vipande vipande. Kiwango cha kimataifa cha michoro ya kiufundi, ISO 128, kinauita mstari huo aina ya 02.1, na kinataka kila kipande kiwe na urefu wa mara 12 ya unene wa mstari, na pengo mara 3. Kwa hiyo ukichora kingo zinazoonekana kwa unene wa milimita 0.5, zilizozibwa utazichora kwa 0.25, kila kipande kitakuwa na milimita 3 na kila pengo milimita 0.75. Si mstari wa nukta nukta, ingawa wengi huuita hivyo.

Sasa tuje kwenye jina, maana ndilo linalotuponza.

Tunasema "mstari uliofichwa" au "mstari uliofichika", tukifuata Kiingereza ambacho nacho kimekosea vile vile. Hebu utazame mstari wenyewe: upo pale, wino wake unaonekana, vipande vyake unaweza kuvihesabu. Haukufichika hata kidogo. Kilichofichika ni ukingo, na mstari ndio unaoleta habari zake. Wajerumani husema "ukingo uliofunikwa" na Wafaransa "ukingo uliofichwa", na hata ISO 128 ikieleza kazi ya mstari wa 02.1 hutaja kingo zilizofichika. Neno "mstari" likishika nafasi ya "ukingo", mtu huanza kuamini kwamba ni mstari ambao haukutakiwa kuonekana, kwa hiyo kuuondoa ni kukamilisha kazi iliyoachwa nusu. Kijana yule hakuwa mzembe. Alitii jina.

Kiswahili kina njia ya kutuokoa hapa, nasi hatuitumii. Kufichwa na kufichika si kitu kimoja. Kikombe kilichovunjwa kina aliyekivunja. Kilichovunjika tunaeleza hali yake tu. Vivyo hivyo, ukingo wa nyuma wa chuma umefichika: hakuna aliyeuficha, ila mwili wa chuma uko mbele yake, na ukizunguka upande wa pili utauona. Leya iliyozimwa imefichwa: yupo mtu aliyebofya. Ukingo uliofichika ni habari ya kitu chenyewe, na leya iliyofichwa ni habari ya skrini yako leo asubuhi. Anayechanganya -wa na -ka hapa anachanganya chuma na kompyuta.

Nikiwa kwenye maneno, kuna jambo la mzizi ambalo limenivutia kwa muda mrefu. "Mstari" umetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa s-t-r wenye t nzito, mzizi wa kuandika na kupanga kwa safu. Humo humo mmetoka "mistara", ambayo kwa Kiarabu ni rula. Lakini Kiarabu kina mzizi mwingine wa s-t-r, wenye t nyepesi, ambao ni wa kufunika na kukinga macho. Huo ndio uliotupa "sitiri" na "stara". Kwa Mwarabu ni herufi mbili tofauti na mizizi miwili isiyo na undugu. Sisi hatuna t mbili za namna hiyo, kwa hiyo kwenye masikio yetu mstari na stara vinasikika kama ndugu wa tumbo moja. Si ndugu. Mmoja unaonyesha, mwingine unafunika, na kwenye mchoro wa chuma vyote viwili vinafanya kazi pamoja: bawa la chuma linausitiri ukingo, mstari wa vipande unausema. Kwa sababu hiyo mimi hupenda kusema "ukingo uliositirika". Unasikika vizuri, na haumwachi msikilizaji afikirie kwamba kuna mtu aliyebofya mahali.

Kwa nini nalishikilia hili zaidi kwenye vyuma vya profaili kuliko kwenye gia au vali? Kwa sababu profaili ni umbo moja la mkato, yaani umbo unaloliona ukikata chuma kwa kukingama, lililovutwa kwa urefu wote. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiitaliano "profilo", na ndani yake mna "filo", yaani uzi: umbo lililozungushiwa mstari kama uzi. (Hata "linea" ya Kilatini, iliyowapa watu wa Ulaya neno lao la mstari, mwanzoni ilikuwa uzi wa kitani.) Kitu kilichovutwa hivyo, ukikitazama ubavuni, kina mistari michache sana, yote sambamba. Hakuna mashimo mengi wala mikunjo ya kukusaidia kukisia. Mstari mmoja unabeba maana yote.

Chukua chuma cha L cha 50 kwa 50, unene milimita 5. Kitazame kikiwa kimesimamisha mguu mmoja na kulaza mwingine. Mguu uliolala ukiwa unakuja kwako, utachora mstatili wenye kimo cha 50, na milimita 5 kutoka chini utapitisha mstari usiokatika. Ukiwa unaenda nyuma, utachora mstatili ule ule, wenye mstari pale pale, milimita 5 kutoka chini, ila wa vipande. Hakuna tofauti nyingine. Futa vipande na umepata bapa. Vigeuze kuwa mstari usiokatika na umegeuza chuma: fundi atakiweka mguu ukitazama upande usiotakiwa, atatoboa, atachomelea, na siku ya kufunga mashimo hayatakutana.

Chaneli, yaani chuma chenye umbo la U, nayo ni hivyo hivyo. Chaneli ya UPN 200 ina kimo cha milimita 200, mabawa (ile miguu miwili) ya upana wa 75 na ukuta (mgongo unaoyaunganisha) wa unene wa 8.5. Ikitazamwa kutoka upande ulio wazi, kingo za mabawa zinaonekana. Ikitazamwa mgongoni, ukuta umezisitiri zote, na mistari miwili ya vipande, mmoja juu na mmoja chini, ndiyo inayosema mabawa yapo na yanaelekea wapi.

Tukiingia kwenye programu, mkanganyiko unazidi, kwa sababu watengenezaji wake wametumia neno moja kwa mambo yanayopingana. AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kiufundi, ina aina ya mstari iitwayo HIDDEN na ina amri iitwayo HIDE. Mstari wa HIDDEN unachora kingo zilizositirika. Amri ya HIDE, ukiipa mfano wa 3D, inaziondoa machoni. Jina ni lile lile, na cha kwanza kinaonyesha kile kile ambacho cha pili kinakitoa. Na leya ukiizima ni jambo la tatu, ambalo halijui lolote kuhusu kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Hilo la pili, la kompyuta kutambua yenyewe kipi kimezibwa, lina historia yake, na watu wengi hudhani ni jambo dogo. Lawrence Roberts alilishughulikia kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, kwa maumbo yasiyo na mbonyeo: alipima kila ukingo dhidi ya kila umbo na kukata sehemu iliyozibwa. Mwaka 1967 Arthur Appel wa kampuni ya kompyuta ya IBM akaja na wazo ambalo bado linanipendeza. Kila nukta ya ukingo aliipa hesabu: ni sura ngapi ziko kati yake na jicho? Ikiwa sifuri, nukta inaonekana. Ikiwa moja au zaidi, imezibwa. Halafu akaonyesha kwamba huhitaji kuhesabu upya kila mahali. Ukitembea juu ya ukingo, hesabu inabadilika pale tu unapopita nyuma ya mpaka wa umbo lililo mbele. Hesabu hiyo haisemi kama mstari uchorwe au usichorwe. Inasema tu kwamba ukingo umezibwa. Kuuchora kwa vipande au kuuacha ni uamuzi wa mchoraji, na hapo ndipo tunapoitupia programu lawama isiyo yake.

Kwenye michoro ya 2D, ambapo programu haijui kina, kuna anayekata mistari kwa mkono pale chuma kinapopita nyuma ya kingine. Inapendeza mpaka nguzo isogezwe milimita 40. Pengo linabaki lilipokuwa, na chuma cha nyuma kinaonekana kama kimekatika kweli. Mwingine huweka kiraka cheupe juu. Programu za uhandisi zenye zana ya kupanga kipi kiko mbele ni bora kuliko njia zote mbili, kwa kuwa mstari wa nyuma unabaki mzima na unageuzwa vipande pale tu unapozibwa. Kama unayo zana hiyo na bado unakata kwa mkono, nakuomba uache.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao hauhusu maana ya neno, lakini matokeo yake ni yale yale. Kwenye faili la milimita la AutoCAD, mstari wa HIDDEN una kipande cha 6.35 na pengo la 3.175, yaani robo inchi na nusu yake. Mstari mfupi kuliko mpangilio huo huchorwa bila kukatika. Sasa fikiria tundu la bolti kwenye ule mguu wa milimita 5, likitazamwa ubavuni: kingo zake mbili zina urefu wa milimita 5 kila moja. Kizidishi cha LTSCALE, kinachorefusha au kufupisha vipande na mapengo, kikiwa 1, zitatoka kama mistari inayoonekana, ingawa umeziweka kwenye leya sahihi na rangi sahihi. Umeusema ukingo uliositirika kwa sauti ya ukingo ulio wazi. Punguza kizidishi cha mistari hiyo mpaka vipande vionekane.

Sisemi kila ukingo uliositirika lazima uchorwe. IPE 200, chuma chenye umbo la I, ikitazamwa kutoka juu, bawa la upana wa milimita 100 linasitiri ukuta wa unene wa 5.6. Kwa skeli ya 1:20 kingo mbili za ukuta huo zinakuwa na umbali wa milimita 0.28 kwenye karatasi, wakati ISO 128 inataka mistari sambamba isikaribiane chini ya 0.7. Zitagandana ziwe doa moja. Hapo chora mstari wa kati, acha hizo mbili, na umbo lenyewe lionyeshe kwenye mkato. Kwenye mikato pia, mara nyingi kingo za nyuma huachwa. Na ukingo uliositirika ukiangukia juu ya unaoonekana, unaoonekana ndio unaochorwa. Yote haya ni kuchagua kipi kisemwe, ukiwa unajua unachokiacha. Kuzima leya nzima hakuchagui chochote.

Kwa hiyo, mwenzangu, siku nyingine ukitaka mchoro upunguzwe, taja kitu chenyewe. Sema, "Kingo za ukuta wa IPE zilizositirika usizichore kwenye mwonekano wa juu, ila za vyuma vya L zibaki." Ukisema tu "ficha mistari iliyofichwa", utaniwia radhi nikikuuliza kwanza: unataka izimwe, ikatwe, au ichorwe kwa vipande?